MCHEZA KWAO HUTUNZWA: NANI AWATUNZA WAPIGA NGOMA WETU?

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Neno "kutunza" lina maana mbili katika lugha yetu, nasi siku hizi tumeishika moja na kuiacha ya pili. Maana ya kwanza ni kumpa mchezaji tuzo pale pale uwanjani: noti hubandikwa kwenye paji la uso lenye jasho, vigelegele hupigwa, na ngoma huendelea. Maana ya pili ni kumlinda mtu na kumwangalia asije akaharibika, kama mvuvi atunzavyo wavu wake na mkulima atunzavyo maksai wake. Wapiga ngoma wetu twawatunza kwa maana ya kwanza, tena kwa uchache. Kwa maana ya pili wengi wao hawatunzwi na mtu yeyote. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza leo na wanachama wenzetu na wafanyakazi wote.

Tutaanzia Manyamanyama, katika mji wa Bunda mkoani Mara, kwa sababu mahali hapo ni kielelezo kizuri cha nchi nzima. Bunda iko kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hadi mpaka wa Sirari. Upande wa magharibi kuna Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, na upande wa mashariki zimetanda mbuga za Serengeti. Jirani yake ndiko Butiama, alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere. Katika nchi hiyo wanaishi Waikizu, Wasukuma, Wajita, Wazanaki, Wakurya na wengineo, na kila watu wana ngoma zao. Mwenge wa Uhuru upitapo, mgeni wa Serikali ajapo, au Chama kifanyapo mkutano wake mkubwa, ni nadra sana shughuli hiyo kufunguliwa bila ngoma.

Basi na tumfikirie mpiga ngoma wa huko aliyetimiza miaka 60. Alianza kupiga akiwa kijana, akapiga katika mavuno, katika arusi, katika matanga na katika sherehe za taifa. Siku ya mkutano huambiwa awe uwanjani saa moja asubuhi, na mgeni hufika saa nane mchana. Muda wote huo yeye na wenzake hupiga ili watu wasichoke kungoja. Jua humwakia kichwani, mkanda wa ngoma humkata bega, na maji ya kunywa hayakumbukwi na mtu. Jioni mgeni huondoka kwa gari, na mpiga ngoma hurudi nyumbani na soda moja tumboni na nauli mkononi, kama nauli ilikumbukwa. Usiku vidole vyake hufa ganzi asiweze hata kushika kikombe. Watu watasema, "Mzee amechoka." Sisi twasema si uchovu tu. Hayo ni madhara ya kazi, na madhara ya kazi yana dawa yake na yana sheria yake.

NGOMA NI KAZI

Wako watu wanaodhani kwamba ngoma ni mchezo, na mcheza mchezo hana haki ya kulalamika. Fikira hiyo haitokani na desturi zetu. Miongoni mwa Wasukuma, ambao ni wengi katika Bunda, iko ngoma ya wakulima iitwayo bugobogobo. Wakulima hujipanga mstari shambani wakiwa na majembe, na wapiga ngoma huwapa mwendo. Ngoma ikienda kasi, majembe huenda kasi. Ngoma ikipoa, watu hupumua. Pamba nyingi ya Kanda ya Ziwa ililimwa kwa namna hiyo ya kushirikiana na kuimba. Je, katika shamba hilo mwenye jembe ni mfanyakazi na mwenye ngoma ni mtazamaji? Hata watoto wangecheka kusikia hivyo. Mpiga ngoma alikuwa mfanyakazi pamoja na wenziwe, na jasho lake lilidondoka katika udongo ule ule.

Wafanyakazi wa Tanzania walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1964 chama chao cha NUTA kilipoanzishwa, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa wa kulipwa mshahara wa kila mwezi. Bendi hiyo ilibadili majina kadiri chama cha wafanyakazi kilivyobadili jina, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na baadaye ikajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Msondo ni ngoma ndefu ya kale. Kwa hiyo katika jina hilo moja zimekutana ngoma ya mababu na haki ya mfanyakazi ya kulipwa ujira. Kama mpiga gitaa na mpiga dramu wa mjini waliweza kuandikwa kazini, hatuoni sababu kwa nini mpiga ngoma wa kijijini aonekane kuwa ni mtu wa kujitolea tu mpaka siku ya kufa kwake.

MWILI NDICHO CHOMBO

Fundi seremala akivunja randa yake hununua nyingine. Mpiga ngoma chombo chake cha kwanza ni mwili wake, nao hauuzwi dukani. Kwa sababu hiyo yafaa kila mpiga ngoma, na kila kiongozi wa kikundi, ajue mambo yanayouharibu mwili huo.

La kwanza ni mikono. Mtu anapopiga ngoma maelfu ya mapigo kwa siku moja, kano za kifundo cha mkono na za kiwiko husuguana na kuvimba. Kano hizo zikivimba penye kifundo, huubana mshipa wa fahamu unaopita hapo, na mtu huhisi ganzi na mchomo katika dole gumba na vidole viwili vinavyolifuata, hasa wakati wa usiku. Akipumzika mapema na kufungwa gango la kuunyoosha mkono wakati wa kulala, mara nyingi hupona. Akiendelea kupiga kwa miaka bila kujali, misuli ya dole gumba hukonda, na hapo hata daktari mpasuaji huenda asirudishe nguvu yote iliyopotea.

La pili ni bega na mgongo. Ngoma iliyochongwa katika gogo moja ni nzito, na wengi huitundika kwa mkanda mmoja katika bega moja. Uti wa mgongo hupinda upande ili kuubeba mzigo huo, na ikipita miaka 30 mtu hupinda asinyooke tena. Kano za bega nazo hulika kadiri umri unavyosogea, na mzee asiyeweza kuinua mkono hadi kichwani hawezi kupiga ngoma kubwa kwa fimbo kama alivyofanya zamani. Mkanda mpana unaopita mabega yote mawili, au kigoda cha kuiwekea ngoma, hugharimu kidogo sana kuliko matibabu ya mgongo.

La tatu ni masikio, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Wataalamu wa afya kazini wameweka mpaka wa kelele: mtu asikae zaidi ya saa 8 kwa siku katika sauti ya desibeli 85. Kila sauti ikiongezeka kwa desibeli 3, muda wa salama hupungua kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, katika desibeli 94 muda wa salama ni saa 1, na katika desibeli 100 ni dakika 15 tu. Ngoma kubwa ikipigwa kwa nguvu karibu na sikio yaweza kupita kiasi hicho. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana ambavyo huipokea sauti na kuipeleka katika ubongo, navyo vikifa havioti tena. Ndiyo maana wapiga ngoma wengi wa siku nyingi husikia mlio masikioni hata penye kimya, na huwajibu wajukuu wao jambo wasiloulizwa. Watu huliita hilo uzee. Sehemu yake ni uzee, lakini sehemu yake kubwa yaweza kuwa kelele, na kelele yaweza kukingwa kwa vizibo vya masikio.

La nne huwatisha watu sana. Baada ya kupiga kwa viganja kwa saa nyingi, mpiga ngoma aweza kuona mkojo wake umekuwa mwekundu au wa rangi ya chai nzito. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Marekani waliandika habari za wapiga ngoma wa mkono waliopatwa na hali hiyo. Walieleza kwamba viganja vinapogongwa mfululizo, chembe nyekundu za damu hupasuka ndani ya mishipa, na rangi yake hutoka kwa njia ya mkojo. Askari wanaotembea mwendo mrefu wamejulikana kupatwa na jambo hilo hilo kwa sababu ya nyayo zao. Aghalabu hali hiyo huisha kwa kupumzika na kunywa maji ya kutosha. Lakini Kanda ya Ziwa ni nchi ya kichocho pia, na mkojo wenye damu waweza kuwa dalili ya kichocho au ya ugonjwa wa figo. Mtu asijiambie mwenyewe kwamba ni ngoma, wala asijiambie kwamba amerogwa. Manyamanyama kuna hospitali. Na aende akapimwe.

La tano linawahusu wale wanaowamba ngoma. Ngozi ya mnyama aliyekufa kibudu yaweza kuwa na vijidudu vya kimeta, na vijidudu hivyo hukaa katika ngozi kavu kwa miaka mingi bila kufa. Mwaka 2006 fundi wa ngoma katika mji wa New York aliugua kimeta cha mapafu kwa kukwangua ngozi mbichi zilizotoka Afrika Magharibi, na mwaka 2008 fundi mwingine alifariki mjini London kwa ugonjwa huo huo. Mambo hayo yalitokea mbali, lakini mkoa wa Mara ni nchi ya wafugaji na imepakana na mbuga za wanyama pori. Fundi wetu asipokee ngozi ya mnyama asiyejua amekufaje. Ngozi na itoke machinjioni, kwa mnyama aliyekaguliwa na bwana mifugo.

UJUZI WA WAZEE

Baada ya kuyaeleza hayo, hatupendi msomaji afikiri kwamba mpiga ngoma aliyezeeka amekwisha kazi yake. Mambo yaliyotokea katika Afrika Mashariki yanaonyesha kinyume.

Huko Unguja aliishi Fatuma binti Baraka, aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Bi Kidude. Alikuwa mwimbaji wa taarabu na fundi wa ngoma za unyago, na msondo aliupiga akiwa ameufunga kiunoni. Alipofariki mwezi Aprili mwaka 2013 alikuwa mwanamke mzee sana, na hata katika uzee huo alikuwa bado akipanda jukwaani. Mwaka 2005 alipewa tuzo kubwa ya kimataifa ya WOMEX katika umri ambao wengi hawawezi hata kutoka nje ya nyumba.

Tena yupo Mzee Morris Nyunyusa. Wasikilizaji wa Redio Tanzania Dar es Salaam walizoea kwa miaka mingi kuzisikia ngoma zake kabla ya taarifa ya habari. Alikuwa kipofu, naye alipiga peke yake ngoma nyingi kwa wakati mmoja, akizipanga kumzunguka. Mwaka 1970 alipiga ngoma hizo Osaka, nchini Japani, katika maonyesho ya ulimwengu. Upungufu wa mwili haukumzuia kuwa fundi, kwa kuwa alizipanga ngoma zifuate mwili wake. Lakini tujiulize pia swali lingine. Mlio wa ngoma ukisha kunaswa hauzeeki, waweza kutumika kila siku kwa miaka 50. Mikono iliyoutoa huzeeka. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inawatambua wasanii wanaofanya maonyesho, na haki yao katika sauti zilizonaswa. Ni wapiga ngoma wangapi wa vijijini wanaojua kwamba sheria hiyo ipo?

Majirani zetu wa Burundi nao wana funzo. Ngoma zao za kifalme, ambazo UNESCO iliziingiza katika urithi wa binadamu mwaka 2014, ni nzito na hubebwa kichwani. Lakini wapigaji husimama katika nusu duara, na ngoma ya katikati haina mwenyewe mmoja. Mmoja hutoka, hupiga na kuruka, kisha humpisha mwenziwe. Kila mtu hupata zamu ya kung'ara na zamu ya kupumua. Vikundi vyetu vingi humwacha fundi mmoja ashike ngoma kubwa tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu ndiye hodari. Huko ni kumla ng'ombe wa maziwa.

Wazee wenyewe nao wana maarifa yao, ambayo vijana yawapasa kuyachukua kabla hayajazikwa. Mzee aliyekomaa hapigi kwa bega. Huiacha fimbo irudishwe na ngozi yenyewe, na mkono wake huenda kama wa mtu anayepepeta. Hukagua ngoma yake kabla ya kuanza, kwa maana ngozi iliyolegea kwa unyevu wa masika huumeza mlio, na mpigaji hulazimika kutia nguvu maradufu ili asikike. Ngozi ikianikwa juani au ikipashwa moto kwa uangalifu hukaza, na pigo dogo hutoa mlio mkubwa. Kwa hiyo kuipasha ngoma ni kumpunguzia mpigaji kazi, na kikundi kinachoharakishwa kupanda lori bila kupasha ngoma zake hulipa kwa viwiko. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Walikuwa wakimwambia na mpigaji pia.

ALIYERITHI NGOMA

Sasa tufike kwenye swali lenyewe: ni nani mwenye wajibu?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Katika nchi ya Buganda wapiga ngoma na wanamuziki wa Kabaka walikuwa na ardhi walizopewa kwa ajili ya utumishi wao, na mtoto alimpokea babake katika kazi na katika shamba. Mwaka 1966 kasri la Mengo lilishambuliwa, na mwaka 1967 tawala za kifalme zikafutwa Uganda. Wanamuziki wa kasri wakatawanyika, na waliokuwa wazee walibaki na ufundi usio na mwajiri. Hapa kwetu nako machifu walikuwa na ngoma zao na watu wao wa kuzipiga. Mwaka 1963 Tanganyika ilikwisha kuondoa utawala wa machifu kwa sheria, na hilo lilikuwa jambo la haki, kwa kuwa raia wote ni sawa. Lakini ngoma hazikufutwa pamoja na machifu. Zilihamia mahali pengine.

Zilihamia kwetu. Tarehe 10 Desemba mwaka 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na miongoni mwa mambo aliyoyataka ni watu waziheshimu ngoma zao zilizodharauliwa na wakoloni. Baadaye kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Kilipovunjwa, kazi ya kufundisha ikashikwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981. Huku vijijini, ngoma iliyokuwa ikimpokea chifu ikaanza kumpokea mkuu wa mkoa, na iliyokuwa ikipigwa katika baraza la mtemi ikaanza kupigwa katika mkutano wa Chama. Twaona fahari kwa jambo hilo. Lakini mwenye kurithi ng'ombe hurithi na kazi ya kuwachunga. Chifu, pamoja na ukubwa wake wote na dhuluma alizoweza kuzitenda, alijua kwamba mpiga ngoma wake lazima ale, avae na azikwe. Haifai hata kidogo wananchi huru wamtendee mpiga ngoma vibaya kuliko alivyotendewa na mtemi.

Yuko atakayetujibu kwamba siasa yetu ni ya kujitegemea, na kwamba mwananchi akianza kulipwa kwa kumpokea kiongozi wake, moyo wa kujitolea utakufa. Hoja hiyo twaiheshimu, na twaijibu hivi. Kujitolea ni kwa watu wote kwa pamoja. Katika mkutano ule ule, mwenye vipaza sauti analipwa, mwenye mahema analipwa, mwenye viti vya kukodi analipwa, na dereva anapata posho yake. Akibaki mpiga ngoma peke yake katika hesabu ya kujitolea, basi huko si kujitolea tena. Amechaguliwa yeye abebe mzigo wa wote kwa sababu hana sauti nyingine ila ile ya ngoma.

YATUPASA KUFANYA NINI

Hatukuandika makala hii ili kulalamika. Mambo mengi yanayotakiwa yamo ndani ya uwezo wetu, na sheria kadhaa zimekwisha kutungwa.

Kwanza, wanaoandaa mikutano na sherehe waweke utaratibu. Kikundi kiitwe saa inayolingana na shughuli, siyo alfajiri kwa mgeni wa mchana. Wapigaji wapewe kivuli, maji na chakula. Wapige kwa zamu, na baada ya kila kipindi wapumzike. Malipo yao yaandikwe katika hesabu za shughuli tangu mwanzo, kama yanavyoandikwa ya vipaza sauti. Jambo hili halihitaji sheria mpya wala fedha za kigeni. Linahitaji katibu mwenye kumjali mtu.

Pili, wapiga ngoma wenyewe wajiunge. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, hupokea michango ya watu waliojiajiri, wakiwemo wakulima, wavuvi na wasanii. Kijana wa miaka 25 akiweka kidogo kidogo kutoka katika kila arusi na kila sherehe, atakapofika miaka 60 hatangojea noti ya kubandikwa pajini. Ngoma ina faida kubwa na hatari kubwa: hulipa mtu akiwa na nguvu, na hukatika siku nguvu zinapokwisha. Kwa hiyo akiba yake lazima iwekwe wakati wa nguvu. Vikundi viweke pia mfuko wao wa ndani, hata kama ni sehemu ndogo tu ya kila malipo, kwa ajili ya mwenzao atakayeumia.

Tatu, tulitazame pengo lililomo katika ulinzi wa wafanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa kumlipa mtu aliyeumia kazini, lakini mfuko huo huchangiwa na waajiri kwa ajili ya waajiriwa wao. Mpiga ngoma wa kijijini hana mwajiri. Leo anaitwa na halmashauri, kesho na kampuni, keshokutwa na familia ya bwana harusi. Akiteguka bega katika lolote kati ya hayo, hakuna atakayesema, "Huyu alikuwa wangu." Twashauri kwamba shirika au ofisi yoyote inayokodi kikundi iandike mapatano hata ya ukurasa mmoja, yaseme nani atagharimia matibabu mtu akiumia siku hiyo. Vyama vya wafanyakazi vina watu wanaojua kuandika mapatano. Na wawasaidie wapiga ngoma, maana nao ni wafanyakazi.

Nne, wazee wapewe kazi inayowafaa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60, nayo imesema kwamba wazee ni hazina ya maarifa. Basi hazina hiyo itumike. Katika shule za Bunda, Butiama na Musoma wako watoto ambao hawajui kuwamba ngoma wala kutofautisha mapigo ya mavuno na mapigo ya msiba. Mzee asiyeweza kubeba ngoma aweza kukaa kitini na kuwafundisha watoto 20 kwa mdomo, kwa makofi na kwa kijiti. Kazi hiyo ilipwe. Atakuwa anakula kwa jasho lake, na ngoma itakuwa imepata warithi.

Tano, habari za afya ziwafikie. Maofisa utamaduni na waganga wa wilaya wakikutana na vikundi hata mara moja kwa mwaka, wakawapima masikio, wakawaonyesha namna ya kunyoosha viungo kabla ya kupiga, na wakawaeleza habari za ganzi, za mkojo mwekundu na za ngozi za vibudu, watu wengi wataokoka na ulemavu ambao haukuwa wa lazima.

Tunajua kwamba Chama kina mambo mengi ya kushughulikia, na kwamba kuna pamba, samaki, maji na barabara zinazongoja. Lakini tabia ya watu huonekana katika namna wanavyowatendea wale waliowafurahisha walipokuwa na nguvu. Katika historia yetu yote ya siasa hakuna siku kubwa iliyopita bila ngoma kulia. Wale waliozipiga usiku wa Uhuru wa tarehe 9 Desemba mwaka 1961 wengi wao wamekwisha tangulia mbele ya haki, na waliobaki ni wazee sana. Wale wanaozipiga leo Manyamanyama, Musoma na Butiama nao watakuwa wazee kesho. Kwa hiyo twawaomba makatibu wa matawi na viongozi wa vyama vya wafanyakazi walifikishe jambo hili katika kikao chao kijacho, waulize kila kikundi katika eneo lao kina wazee wangapi, nani ameumia, na nani anamwangalia. Majibu yakisha kupatikana, kazi ya kuwatunza na ianze hapo hapo, kwa maana zote mbili za neno hilo.